Bandu bandu: pampu ya Kwale na namna ya kuboresha mfumo kipande kwa kipande

Mara nyingi naulizwa kwa nini programu za kusimamia seva hupandishwa toleo kipande kimoja kimoja, tena kwa mfuatano maalumu. Kwa nini tusizime kila kitu usiku mmoja, tukaweka mpya, asubuhi tukawasha? Leo nitajibu swali hilo kwa historia, na historia yenyewe haitoki mbali. Ni ya Kwale hapa, kuanzia Diani kwenda Msambweni, na mashine inayohusika haina hata waya mmoja. Ni pampu ya maji ya mkono.

Msicheke. Mimi nimesomea sayansi ya kompyuta chuoni na kazi yangu ni kuandika programu, lakini somo bora la kuboresha mfumo bila kuuangusha nimelipata kwenye historia ya pampu hiyo. Nivumilieni kidogo, mtaona.

Tatizo lenyewe kwanza

Shirika lenye seva nyingi haliwezi kuzichungulia moja moja. Linaweka programu ya usimamizi, na ndani ya programu hiyo kuna vipande kadhaa. Ipo seva ya usimamizi inayopokea taarifa. Ipo hifadhidata inayozitunza. Ipo skrini anayoitazama mwangalizi. Halafu zipo ajenti, yaani programu ndogo zinazokaa ndani ya kila seva inayosimamiwa na kuripoti hali yake: diski imejaa, kumbukumbu imekwisha, huduma fulani imezimika. Toleo jipya likitoka vyote hivi vinatakiwa kupanda, lakini haviwezi kupanda kwa pamoja.

Microsoft walipotoa System Center 2012 R2 mwaka 2013, waliandika mfuatano wa kufuata kwa yeyote anayetumia vipande vyake vyote saba. Orchestrator ilitangulia, ikafuata Service Manager, kisha Data Protection Manager, Operations Manager, Configuration Manager, Virtual Machine Manager, na App Controller ikawa ya mwisho. Sababu ni kwamba vipande hivyo huzungumza, na ukimpandisha mmoja kabla ya mwenzake mazungumzo yanaweza kukatika.

Zabbix, ambayo ni programu huria ya kazi hiyohiyo, wana sheria nyepesi zaidi. Seva mpya inaendelea kuielewa ajenti ya zamani, hata ya toleo la 1.4, lakini ajenti mpya kuliko seva yake haina uhakika wowote. Kwa hiyo unaipandisha seva leo, na ajenti unazifikia polepole, hii wiki hii, ile mwezi ujao, bila mtu kukosa huduma.

Mkitazama vizuri mtaona kwamba katika mifano yote miwili jambo kubwa liko kwenye maungio, pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Swali ambalo vitabu vyetu vya chuo havikulijibu ni hili: nani anaamua mfumo ukatwe wapi, hata maungio yakakaa mahali yalipo? Hapo ndipo Kwale inapoingia.

Pampu imara, kijiji kikavu

Umoja wa Mataifa uliitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa mwongo wa kimataifa wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira. Mwaka 1981 UNDP na Benki ya Dunia wakaanzisha mradi wa kupima pampu za mkono. Pampu zilipimwa maabara huko Harpenden, Uingereza, na zilipimwa pia vijijini katika nchi mbalimbali, zikiteka maji ya watu wa kweli.

Haja ya kupima ilikuwa wazi. Serikali na wafadhili walikuwa wakichimba visima na kufunga pampu kwa wingi, na baada ya muda pampu zinasimama. Chukueni India Mark II, pampu mashuhuri iliyobuniwa India katika miaka ya 1970. Ni imara, na ilipokewa nchi nyingi. Lakini mpira wa pistoni, kitu cha kutoshea kiganjani, ukilika kule chini, huwezi kuufikia mpaka uvute mabomba yote ya chuma kutoka kisimani. Hiyo ni kazi ya kikosi cha mafundi, vifaa vya kunyanyulia na gari. Mpini wake nao unazungukia beringi za gololi, na kubadilisha beringi za namna hiyo ni kazi ya karakana.

Basi kijiji kinangoja. Gari liko makao makuu ya wilaya, au liko kijiji kingine, au halina mafuta. Katika muda huo watu hawaachi kunywa maji. Wanarudi kwenye kisima cha wazi walichokiacha, au mtoni, na magonjwa ya tumbo waliyokuwa wameyapa mgongo yanarudi nao. Mpira mmoja umelika, kijiji kizima kimeshuka toleo.

Kutokana na uzoefu huo likazaliwa wazo lililopewa kifupi cha VLOM: pampu ambayo kijiji chenyewe kinaweza kuiendesha na kuitengeneza. Wazo hilo lilikuja kuelezwa kwa kirefu katika kitabu cha Benki ya Dunia cha mwaka 1987 kilichoandikwa na Saul Arlosoroff na wenzake. Angalieni lilivyopinduka swali. Badala ya kuuliza pampu ipi haiharibiki, waliuliza: ikiharibika, na itaharibika, nani ataifungua?

Kwale yawa uwanja wa majaribio

Malawi walikuwa wamekwisha kutengeneza kichwa cha pampu kilichoitwa Maldev. Kazi hiyo ikaendelezwa Kenya, na eneo lililochaguliwa kwa majaribio tangu mwaka 1983 lilikuwa pwani ya kusini, katika iliyokuwa Wilaya ya Kwale, Mkoa wa Pwani. Wizara ya maji ilihusika, Uswidi ilitoa fedha kupitia SIDA, na shirika la Kikenya la KWAHO likashika upande wa watu. Pampu iliyozaliwa katika kazi hiyo ikaitwa Afridev.

Anayezijua sehemu hizi anaelewa kwa nini zilifaa. Maji ya chini ya ardhi hayako mbali sana, vijiji viko karibu karibu, na ardhi ni ya mchanga na mawe ya matumbawe. Ukikaribia bahari, chumvi nayo inakungoja. Pampu ikifaulu hapa, imefaulu kwa kazi ya kutwa nzima, ndoo baada ya ndoo.

Afridev haikushuka kutoka mbinguni ikiwa kamili. Muundo wake ulibadilishwa kwa awamu kadiri majaribio yalivyoonyesha. Tuitazame kama tunavyotazama programu, kipande kwa kipande.

Beringi. Mahali pa gololi za chuma paliwekwa bushi za plastiki ngumu, moja ndani ya nyingine, za aina mbili tofauti za plastiki zinazosuguana bila grisi. Zikilika unazitoa na kuingiza mpya kwa mkono. Seti inayoingia kwenye egemeo la mpini ni ileile inayoingia pale mpini unaposhika fimbo, kwa hiyo duka halihitaji kuweka aina mbili.

Silinda. Bomba la kupandishia maji ni la plastiki na ni pana kuliko pistoni, na silinda iko wazi upande wa juu. Maana yake pistoni inavutwa kupitia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linabaki kisimani. Hata valvu ya chini inanaswa kwa kifaa maalumu na kupandishwa njia hiyohiyo. Hili peke yake liliondoa haja ya kikosi na gari. Wahindi nao waliona jambo hilo: India Mark III ilibadilisha sehemu za chini ya ardhi ili pistoni ivutike kwa namna hii, huku umbo la pampu juu likibaki karibu lilelile.

Fimbo. Fimbo za kuvutia pistoni zilipewa ndoano upande mmoja na tundu upande wa pili. Unaziangika moja kwenye nyingine, unazitoa moja moja zikipanda, bila kukaza wala kulegeza parafujo. Baadaye fimbo za parafujo zilikuwepo pia, lakini wazo la ndoano lilimlenga mtu asiye na karakana.

Mpira na valvu. Mpira wa pistoni ni kipande kidogo chenye umbo la U, na kizibo kinachofungua na kufunga maji ni kimoja kwa pistoni na kwa valvu ya chini. Hivi ndivyo vitu vinavyolika haraka, na ndivyo vilivyofanywa rahisi kuliko vyote. Ushauri ni kuvibadilisha mara moja kwa mwaka kabla havijafa.

Na kazi karibu yote hiyo inafanywa kwa spana moja.

Nani ameshika spana

Sasa narudi kwenye swali langu. Kwa nini pampu hii ilikatwa mahali ilipokatwa? Mhandisi wa kiwandani angeikata kwa urahisi wa kiwanda. Idara ya maji ingeikata kwa urahisi wa gari lake. Afridev ilikatwa kufuatana na mikono ya mtu mmoja mahususi, mwanakijiji aliyesimama kisimani na spana yake. Kila maungio yaliwekwa pale ambapo mikono hiyo inafika, na kipande kinacholika upesi kikawekwa mahali pepesi kufikika.

Kwale mikono hiyo mara nyingi ilikuwa ya wanawake, na haikuwa bahati nasibu. Anayeteka maji ndiye wa kwanza kusikia mpini umekuwa mzito au kuona maji yanachelewa kupanda. KWAHO walizisaidia jamii kuunda kamati, wanawake wakafundishwa kutunza na kufungua pampu, na katika kamati nyingi wao wakawa watunza hazina. Lakini mafunzo yasingetosha kama kazi yenyewe ingehitaji kunyanyua mabomba ya chuma ya mita 30. Ule mkato wa vipande ndio uliofanya mafunzo yawe na maana.

Jambo la pili ni michoro. Michoro ya Afridev ni mali ya umma. Kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza bila kumlipa mtu leseni. Taasisi ya SKAT ya Uswisi ilizitunza na kuzichapisha sifa zake za kiufundi, ambazo zimekuwa zikirekebishwa kwa namba za marekebisho kama sisi tunavyofanya na programu: marekebisho ya 5 ni ya mwaka 2007. Kwa sababu vipimo viko wazi, bushi iliyotengenezwa na kiwanda kinachofuata sifa hizo inaingia kwenye pampu iliyofungwa miaka mingi kabla yake, kiwanda kiwe Nairobi au India. Pampu hii imefika Msumbiji, Ethiopia, hadi Pakistan na Afghanistan. Hiyo ndiyo seva mpya inayoielewa ajenti ya zamani, ila hapa inaandikwa kwa milimita.

Kipande kilichosahaulika

Historia ikiishia hapo itakuwa ya sifa tupu. Pampu za Kwale ziliendelea kuharibika, na si zote zilizotengenezwa. Mpira ulikuwa rahisi kubadilisha, lakini lazima uwepo dukani, na pesa ya kuununua iwepo kwenye mkoba wa kamati.

Mwaka 2016 Tim Foster na Rob Hope walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za hesabu za kamati za maji za Kwale kwa kipindi cha miongo kadhaa. Walichokikuta kinaeleweka kwa yeyote aliyekulia vijijini. Watu hulipa vizuri pale maji yanapokuwa matamu, kisima kinapokuwa karibu, na maji yanapotumika kwa kazi za kuingiza kipato. Maji yakiwa na chumvi, au mvua ikinyesha na kila mtu akapata maji bila kwenda pampuni, michango inalegea. Pampu ni ileile, toleo ni lilelile, lakini mfuko hauna kitu.

Kwa lugha yetu, vipande vya chuma na plastiki vilipata marekebisho, na kipande cha watu kikaachwa kwenye toleo la kwanza. Kamati ya kujitolea ilidhaniwa ingedumu milele bila matengenezo. Hakuna kitu cha namna hiyo, si kwenye seva wala kisimani.

Ajenti ndani ya mpini

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha jaribio la kifaa kidogo kinachofungwa kwenye mpini wa pampu. Ndani yake kuna kihisio cha mwendo kinachohesabu mpini unavyopanda na kushuka, na kifaa kinatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Mpini ukinyamaza isivyo kawaida, fundi anajua bila kupigiwa.

Walijaribu pia Kyuso, Kitui. Huko muda wa kawaida wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Kuanzia mwaka 2014 vifaa hivyo vikafungwa Kwale, kwenye pampu takriban 300, na huduma ya matengenezo ikaanzishwa kwa jina la FundiFix. Jamii inalipa ada, na fundi analazimika kuitengeneza pampu ndani ya muda mfupi. Mwaka 2017 watafiti wakaonyesha jambo jingine: mitetemo ya mpini uleule, ikichambuliwa kwa kompyuta, inaweza kukadiria kina cha maji kisimani. Data yao ilitoka Kwale hapahapa.

Tazameni sasa. Kihisio ni ajenti. Ujumbe mfupi ni njia ya mawasiliano. Kompyuta inayopokea ni seva ya usimamizi. Fundi na pikipiki yake ndiye mwangalizi wa zamu. Ni programu kamili ya usimamizi, na imewekwa juu ya muundo wa miaka ya 1980 bila kugusa silinda, fimbo wala valvu. Na kile kipande cha watu, kilichokuwa kimesahaulika, hatimaye kikapata toleo lake la pili, kwa sababu safari hii kulikuwa na takwimu za kuonyesha pampu inalala siku ngapi.

Tunachukua nini

Kuna hoteli moja ya huku Pwani niliyowahi kuisaidia. Muuzaji wa programu yao ya usimamizi alikuwa ameifunga kwa namna ambayo ajenti na seva lazima zilingane toleo hadi tarakimu ya mwisho. Kupandisha kimoja ni kupandisha vyote. Walizima mashine kumi na nne wikendi moja ya msimu wa wageni, na mapokezi yakarudi kwenye daftari na kalamu. Programu yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa imekatwa kwa urahisi wa muuzaji, na spana ilibaki mkononi mwake.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesimamia seva, kabla hujanunua au kuandika mfumo, chukua karatasi. Chora vipande vyote. Kwenye kila maungio andika mambo matatu: kipimo cha maungio haya kiko wazi au ni siri ya mtu? Kipande kinacholika upesi kuliko vyote kinafikika bila kuvua vingine? Na usiku wa manane kikifa, nani hasa atakuwa na spana mkononi? Kama jawabu la tatu ni "gari la wilaya", umekwisha kujua ni siku ngapi utakaa bila maji.

Usisahau kuandika na watu kwenye hiyo karatasi. Mwangalizi wa zamu, bajeti ya vipuri, mkataba wa matengenezo: hivyo navyo ni vipande, navyo vina matoleo, navyo vinachakaa.

Wazee husema bandu bandu huisha gogo. Methali hiyo ni ya mwenye shoka, lakini inamfaa pia anayejenga, mradi ajue ubandu wa kwanza uanzie wapi. Makala ijayo, tukijaaliwa, nitaeleza namna ya kujaribu ajenti za zamani dhidi ya seva mpya kwenye mashine ya pembeni kabla ya kugusa seva za kazi. Kwa leo tuishie hapo.